Ubao wa Tezi

Boti iko juu ya matofali kumi na manane, Mjimwema,
nyuma ya banda la kuchomelea mageti.
Nayajua idadi kwa sababu nimeyalipia.
Ubavuni jina limebaki herufi tatu za mwisho, A, N, I,
na kila apitaye hulimalizia apendavyo:
Imani. Shani. Zamani.
Mtoto wa mchomeleaji anasema Shetani.
Baba hakuwahi kunitajia.
Aliniachia funguo mbili za injini ambazo hazipo.

Wahenga walisema chombo cha kuzama hakina usukani.
Hiki kinao, na kikombe cha chai kimenasa chini yake.
Kinachokosekana ni uti wa mgongo.

Jumanne, Fundi Mwinjuma alishika nyundo ndogo,
akagonga kutoka omo kurudi nyuma,
kichwa kakiinamisha kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa:
ko, ko, ko, ko,
na alipofika tezi,
pu.
Akanitazama. Akagonga tena, nisije nikasema sikusikia.
Pu.

Tukawasha grinda. Vumbi la faiba likatuingia shingoni,
likawasha hadi usiku wa pili.
Ganda lilipobanduka,
plaiwudi ya ndani tuliitoa kwa kijiko.
Kijiko cha chai, nimekileta kutoka nyumbani:
ilikuwa nyeusi, laini, inanuka majani ya chai ya juzi.
Na yale mataruma mawili marefu
yaliyobeba sakafu miaka ishirini na sita
yalikuwa yamebaki maganda. Ndani, unyevu
na sisimizi wenye haraka zao.

Halafu tukakuta saruji.

Kuna mtu aliwahi kuuona uozo huu.
Akachimba kidogo, akashindilia saruji,
akapaka bluu juu yake, akaenda baharini.
Na kwenye saruji, alama ya kidole gumba,
kipana, kimepinda kushoto.
Nilikijua. Kilinifunga kamba za viatu
mpaka darasa la tatu.

Sikusema kitu. Mwinjuma akaipangusa alama kwa kitambaa,
taratibu, kama sahani ya mgeni.
"Huyu alikosa hela," akasema. "Akili alikuwa nayo."
Kisha akaweka tindo, akapiga.

Jioni tunapiga hesabu juu ya karatasi ya mfuko wa saruji.
Injini moja ya farasi mia na hamsini,
au mbili za sabini na tano?
Moja ni nyepesi, inakunywa kwa adabu,
na ikikuzimikia kati ya Sinda na nchi kavu
unabaki wewe, kasia, na dua.
Mbili: ikifa moja, ya pili inakuburuta
upandeupande kama mlevi anayejua kwao.
Ila mbili ni rafadha mbili, plagi maradufu,
mafundi wawili wa Gerezani wa kugombana nao,
na kilo mia tatu na arobaini zikining'inia
kwenye ubao ambao leo ni tundu;
namwona mbuzi wa jirani kupitia humo.
Nina hela ya moja, tena iliyotumika.
Nachora mbili.
Mwinjuma anaiangalia penseli yangu, hasemi hapana.
"Ubao kwanza," anasema. "Injini haijui kuogelea."

Leo tumebandika karatasi tatu za plaiwudi, gundi katikati,
tumezibana kwa jeki tulizoazima kwa mwenye lori.
Kabla ya faiba nimeandika kwenye mbao:
tarehe, unene, jina la fundi,
na chini yake, kwa herufi ndogo,
*hapa palikuwa na saruji, ilishika miaka kumi na moja.*

Rezini ikapita juu ya maandishi.
Kwa muda yakasomeka vizuri zaidi kuliko yalipokuwa makavu,
nami nikasimama kuyasoma,
hadi Mwinjuma akapiga kelele
nishike upande ule, brashi inaganda.